Sentensi za Jumamosi

Mwalimu Tarsis Mlowe alifundisha Kiingereza katika shule kadhaa za sekondari mkoani Njombe mpaka alipostaafu, na kila alikopita alijulikana kwa jambo moja: maneno yanayofanana. Wanafunzi wake wengi wamesahau hadithi walizosomeshwa, lakini ukiwakuta leo sokoni au ofisini watakueleza kwamba “advice” ni ushauri wenyewe na “advise” ni kushauri, na watakueleza wakicheka, wakiiga sauti yake nzito na namna alivyokuwa akikohoa kabla ya kutoa jibu.

Sharti lake lilikuwa kwamba mwanafunzi asiandike sentensi ya kubuni.

“Andika jambo la kweli,” aliwaambia. “Neno ukilitumia kusema jambo lako mwenyewe halikutoki kichwani. Ukiniandikia habari za Yohana na Maria wa kwenye kitabu, kesho umesahau.”

Mkewe, Lidia, alifariki wakati mtoto wao wa pekee, Teodora, akiwa darasa la sita. Baada ya matanga ndugu waliondoka, wakabaki wawili katika nyumba yao ya mtaa wa Mjimwema. Tarsis hakujua namna ya kukaa na binti wa umri ule. Jioni waliketi jikoni, jiko la mkaa katikati yao kwa ajili ya baridi, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze kusema. Siku moja, kwa kukosa lingine la kufanya, akachukua kipande cha mkaa akaandika sakafuni: quiet, quite.

“Haya,” akasema. “Yanafanana, lakini si ndugu. Nipe sentensi mbili.”

Teodora aliyaangalia maneno yale kwa muda. Kisha akasema taratibu, “The house is quiet. I am quite sad.” Nyumba iko kimya. Mimi nina huzuni sana.

Tarsis alitaka kusema kwamba ni sahihi. Badala yake alinyoosha mkono juu ya jiko akamvuta mtoto kifuani, na wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tangu hapo mchezo ukawa wao. Teodora alipokwenda bweni, Tarsis alimpelekea maneno siku za kutembelewa. Alipofika chuo cha ualimu na kupata simu yake mwenyewe, maneno yalimfikia kila Jumamosi asubuhi, na majibu yalirudi kabla chai haijapoa. Tarsis aliwaambia watu kwamba hakuna binti Njombe nzima anayeandika Kiingereza kama wake, na huenda ilikuwa kweli.

Mwaka wa pili wa chuo Teodora alipata ujauzito. Mwanamume aliitwa Joackim Sanga, fundi wa malori katika gereji moja ya Makambako, kijana mpole asiye na maneno mengi. Hakukimbia. Alimtuma mshenga Njombe, mtu mzima mwenye adabu zake. Tarsis alimpokea mlangoni, akamsikiliza akiwa amesimama, akamrudisha alikotoka bila hata kumpa kiti. Jioni ile akampigia simu binti yake.

“Nimekufundisha miaka yote ile ili ukafue ovaroli zenye grisi?”

“Baba, nitarudi chuoni. Nikishajifungua nitarudi.”

“Basi usinipigie mpaka siku hiyo. Siku ukirudi chuoni, nipigie.”

Akakata. Teodora akahamia Makambako, kwenye vyumba viwili karibu na reli, na kwa miezi kadhaa simu ya Tarsis haikuonyesha jina lake.

Aliyeshindwa kwanza ni baba. Jumamosi moja aliamka akalisha kuku, akachemsha chai, akaketi nayo mpaka ikawa baridi. Kuomba radhi hakuweza. Kumpigia hakuweza, maana yeye ndiye aliyeweka marufuku. Akachukua simu akaandika maneno mawili tu: accept, except.

Jibu likaja upesi, kana kwamba mtu alikuwa ameishika simu akiingoja. “I accept my mistake. Everybody greets me except you.” Nalikubali kosa langu. Kila mtu hunisalimu isipokuwa wewe.

Tarsis alisoma mara nyingi. Macho yalimlowa. Kisha akajibu, “Sahihi, zote mbili.” Kwake yeye lile lilikuwa neno la msamaha, na aliona limetosha. Hakufikiria kwamba yule wa upande wa pili alikuwa bado anangoja asalimiwe.

Ndivyo Jumamosi zilivyorudi. Lakini hazikuwa zile za jikoni. Kadiri wiki zilivyopita, Tarsis alizisoma sentensi za binti yake kwa jicho la msahihishaji. Neno limekaa mahali pake? Limekaa. Sahihi. Aliletewa habari ya kuzaliwa kwa mjukuu kwa njia hiyo hiyo, siku alipotuma “there” na “their”: “There is a boy in our house. His parents are waiting for their visitor.” Kuna mvulana nyumbani kwetu, na wazazi wake wanamngoja mgeni wao. Tarsis alifurahi mpaka akaenda kununua blanketi zito la rangi ya maziwa, akalituma kwa basi. Yeye mwenyewe hakwenda. Alijiambia ataenda baridi ikipungua. Kisha akajiambia ni heri kwanza yule fundi aje mwenyewe, amwombe radhi ana kwa ana kama mwanamume.

Mtoto aliitwa Hilario. Alipokuwa na umri wa kushika vitu na kuviangusha, wazazi wake walimpeleka Makete kwa ndugu wa Joackim, na njia ilipita Njombe. Jumamosi iliyofuata Tarsis alituma “passed” na “past”. Teodora akajibu kwamba walipita karibu na nyumba yake, na kwamba zamani angeingia. Tarsis akaandika, “Sahihi.” Alikuwa akimwagilia mboga wakati huo, simu mkono mmoja na ndoo mkono mwingine.

Jumamosi tunayoizungumzia ilikuwa ya Julai, mwezi ambao ukungu wa Njombe hauondoki mpaka mchana na watu hutembea wamejifunika mablanketi mabegani. Tarsis alituma maneno mapema: lose, loose. Kupoteza, na kulegea. Akaongeza mzaha: “Hata wahasibu wenye digrii huyakosea haya.” Kisha akaenda kwa kinyozi karibu na soko, ambako alizoea kukutana na rafiki yake Stanley, mwalimu mstaafu wa hisabati.

Jibu halikuja kama kawaida. Lilikuja karibu na adhuhuri, Tarsis akiwa ameshanyolewa na amekaa kwenye benchi la nje. Alivaa miwani akasoma.

“His clothes are loose now. I am afraid I will loose him.”

Nguo zake sasa zinampwaya. Naogopa nitampoteza. Ila hilo la kupoteza alikuwa ameliandika kama lile la kulegea.

Tarsis akacheka, akamgeuzia Stanley simu. “Unaona? Hata huyu wangu! Nimemfundisha tangu utotoni, na bado o mbili zimemkamata.”

Akaandika: “Ya kwanza sahihi. Ya pili umekosea, ni o moja tu. Rudia.”

Stanley alikuwa bado anaiangalia simu. “Huyo anayeogopa kumpoteza ni nani?”

“Aa, ni mfano tu,” Tarsis akasema.

Walikaa wakizungumza habari za bei ya mbolea na za padri mpya. Baada ya muda simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa sentensi moja, imeandikwa vizuri, ina herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni.

“I am afraid I will lose him.”

“Sahihi,” Tarsis akajibu. “Hongera.” Akairudisha simu mfukoni.

Kesho yake, Jumapili, alikuwa anatoka misani simu ilipoita kwa namba asiyoijua. Alisimama kando ya ukuta wa kanisa ili asikie.

“Shikamoo, Baba. Ni Joackim.”

Hakuwahi kuisikia sauti ile. “Marahaba,” akasema kwa ukavu, akidhani siku ya kuombwa radhi imefika.

“Baba, mtoto amefariki. Alfajiri ya leo.”

Watu walikuwa wanatoka kanisani, wanasalimiana, watoto wanafukuzana kwenye ngazi. Tarsis alisogea mbali nao.

“Mtoto gani? Hilario? Alikuwa anaumwa?”

Joackim akasema, bila hasira yoyote, kama mtu asiyeelewa kitu na anaomba aeleweshwe, “Tulikuwa hospitali tangu Alhamisi. Ni kifua. Walimwekea oksijeni. Teodora alisema amekuambia jana, Baba. Alisema umemjibu.”

Tarsis hakukumbuka alimaliza vipi mazungumzo yale. Alikumbuka tu kwamba alirudi nyumbani, akachukua koti, akaenda stendi akiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi. Garini alikaa dirishani. Nje yalipita mashamba ya chai na misitu ya misonobari, na yeye alikuwa amefungua simu anarudi nyuma, kutoka Jumamosi moja hadi nyingine, akisoma alivyotakiwa asome tangu mwanzo. Siku ya “week” na “weak”, Teodora alisema mtoto alizaliwa dhaifu lakini kila wiki anaongezeka. Siku ya “advice”, alisema anahitaji ushauri wa mzazi, kwa sababu mama hayupo. Alimwambia kwamba Joackim ni mwema. Alimwambia kwamba ameomba chuo kimrudishe Septemba. Chini ya kila moja lilikuwapo neno la baba yake, lile lile. Sahihi. Sahihi. Sahihi.

Aliyekaa jirani yake, mama mmoja aliyepakata kapu la parachichi, alimtazama akamuuliza, “Kuna msiba, Baba?”

“Upo,” akasema.

“Poleni sana. Ni nani?”

“Mjukuu wangu.”

“Pole. Alikuwa mkubwa?”

Tarsis akafungua mdomo. Ilibidi ahesabu kwanza.

Msiba ulikuwa Kitandililo, nyumbani kwa wazazi wa Joackim. Alipofika alikuta turubai limefungwa kwenye miti, wanaume wameuzunguka moto, wanawake wamejaa ndani na kibarazani. Hakuna aliyemjua. Mzee mmoja mwembamba, kofia ya sufu kichwani, aliinuka akamfuata.

“Kamwene,” akamsalimu.

“Kamwene. Mimi ni Tarsis Mlowe, kutoka Njombe.”

Mzee yule alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa Nathanieli, baba yake Joackim. “Karibu, mkwe,” akasema. “Tulikungoja siku nyingi. Hatukupanga uje kwa jambo kama hili.” Akamtafutia kiti, akamwita mtu alete chai, na Tarsis akakumbuka yule mshenga aliyesimama mlangoni kwake.

Walimruhusu aingie ndani. Teodora alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, kanga mbili begani, uso umevimba. Alimwona baba yake akiingia, na hakuinuka.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Basi. Wanawake walisogea wampishe, akapiga magoti kando ya jeneza dogo. Lilikuwa limefunguliwa usoni. Hapo ndipo Tarsis alipomwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni kwa blanketi la rangi ya maziwa.

Walimzika mchana ule ule, ukungu ukiwa umeshaondoka na jua la Julai linawaka bila kupasha joto. Baada ya watu kula na wengi kuondoka, Tarsis alimkuta binti yake nyuma ya nyumba, ameketi peke yake juu ya gogo la kuni. Akaketi upande wa pili wa gogo.

“Kwa nini hukunipigia simu?” akauliza, na alipolisikia swali lake mwenyewe alitamani kulirudisha.

“Ulisema nisikupigie mpaka nirudi chuoni.”

“Kwa jambo kama hili, Teodora!”

“Nilipiga, Baba. Alhamisi usiku, tulipofika hospitali. Haikupokelewa.” Tarsis alikumbuka. Aliliona jina lake asubuhi ya Ijumaa, akadhani ni kubonyeza kwa bahati mbaya, akapitiliza. “Nikasema nitangoja Jumamosi. Jumamosi nilijua utanitafuta mwenyewe. Na maneno yalipokuja, nikasema Mungu kayachagua.”

Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu.

“Nilikuwa nimempakata wodini. Nilikuandikia kwa mkono mmoja, ndiyo maana nilikosea. Ukaniambia nirudie. Nikafikiri, Baba hakuielewa kwa sababu ya lile kosa. Nikarudia vizuri, polepole, ili uelewe. Nesi akaniuliza, dada, unamwandikia nani? Nikamwambia baba yangu, atakuja.”

“Nilidhani ni mfano,” Tarsis akasema.

Teodora alimgeukia. “Lini nimewahi kukuandikia mfano?”

Tarsis alitafuta neno la kusema kwa Kiingereza, akaona ni aibu. Akatafuta kwa Kiswahili, likawa kama la ofisini. Mwisho akamwomba msamaha kwa Kibena, lugha ya bibi zake, ambayo hakuwahi kuzungumza na mtoto huyu kwa kuogopa itamharibia masomo. Hakuwa na hakika kama Teodora anaielewa yote.

“Nimesikia, Baba,” Teodora akasema. Kisha akaongeza, “Usinitumie tena maneno.”

“Sitatuma.”

“Ukitaka kuniambia kitu, njoo.”

Na Tarsis alikwenda. Sio wiki hiyo, maana aliona haya, lakini mwezi wa Agosti alikwenda, akaenda tena, na ikawa kawaida yake kwenda Makambako mara kwa mara. Joackim alimpokea vizuri mno. Alimletea maji ya kunawa, alimwachia kiti cha pekee chenye mto, na siku moja alimtengenezea miwani iliyolegea mkono kwa koleo lake dogo la gereji, bila kuombwa. Tarsis alijaribu kumwambia habari ya mshenga. Joackim akainamisha macho, akasema, “Yamepita hayo, Baba,” naye Tarsis akaona jinsi lilivyokuwa jambo rahisi, na jinsi ambavyo angeliweza kulimaliza kwa nusu saa, mtoto akiwa hai.

Teodora alimpikia, alimtandikia, alimuuliza habari za Njombe. Alirudi chuoni Septemba, na siku ya kuanza alimpigia simu baba yake kumjulisha, kama alivyokuwa ameagizwa. Alikuwa na adabu zote. Lakini yale mazungumzo ya zamani hayakurudi, na Tarsis hakuthubutu kuyadai. Kule Njombe, Stanley alimuuliza mara moja tu, “Siku ile, kwenye benchi?” Tarsis akaitikia kwa kichwa. Stanley hakuendelea, na tangu siku hiyo walibadilisha kinyozi.

Novemba, Teodora akiwa likizo, Tarsis alimkuta kibarazani anapukuchua maharage ya kupanda. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Mufindi. Alivuta kigoda, akachukua maganda kadhaa akaanza kusaidia. Kitu alichotaka kukiuliza alikuwa amekibeba tangu Kitandililo, na kila safari kilimshinda.

“Teodora,” akasema. “Hilario alikuwaje?”

Mikono ya Teodora ikasimama. Tarsis akadhani amekosea, akawa anatafuta namna ya kujiondoa. Lakini Teodora akaanza kusema, macho yakiwa kwenye ungo.

“Alikuwa haogopi treni. Ikipiga honi, watoto wote wa hapa wanalia. Yeye ananyonya, anaacha, anasikiliza mpaka imalize, ndipo anaendelea.”

“Mh.”

“Alikuwa hapendi kofia. Baridi yote hii, ukimvika, anaivua. Baba yake anamvika, anaivua. Alikuwa anamwita Joackim ‘ta’. Mimi hakuwahi kuniita kitu.” Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. “Usiku akiamka hakuwa analia. Unamkuta tu amekaa anaangalia.”

Tarsis alisikiliza. Alitamani aone mambo yale akilini, mtoto akivua kofia, mtoto akisikiliza honi, lakini uso uliomjia ulikuwa ule mmoja tu aliouona, umelala, macho yamefungwa. Hakuwa na mwingine.

Matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Teodora aliinuka akaweka ungo pembeni.

“Ngoja nianue nguo,” akasema.

“Nikusaidie?”

“Hapana, Baba. Kaa tu. Ni chache.”

Akatoka mbio uani kanga ikiwa kichwani, na Tarsis akabaki pale kigodani, maharage viganjani, akimwangalia akitoa shati moja moja kambani mvua ikizidi.